Chumvi unayoionja, naitreti usiyoionja: kilichomo ndani ya maji ya Dodoma

Ukihamia Dodoma, kabla hujaijua vizuri njia ya kutoka Area C kwenda Majengo utakuwa umeshapewa mhadhara kuhusu maji. Yana chumvi. Yanakatisha nywele. Sabuni haitoi povu. Birika la umeme halimalizi mwaka. Ukiyanywa muda mrefu, mawe ya figo hayo. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam ataongeza la kwake: chai ya huku hainogi.

Karibu malalamiko yote hayo yanahusu kitu kimoja, yaani madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka majini. Na kati ya vitu vyote vinavyoweza kuwamo kwenye maji ya mkoa huu, hicho ndicho chenye madhara madogo kuliko vingine. Vinavyoua watoto na vinavyoharibu mifupa havina ladha wala rangi, na baadhi yake haviondoki hata ukichemsha mpaka gunia la mkaa liishe. Ndiyo maana swali la "maji ya Dodoma ni salama?" halina jibu la neno moja. Lazima kwanza ujue unaulizia kitu gani na kiliingilia wapi, kwa sababu dawa ya kimoja haigusi kingine.

Mwamba, jua na mvua za kubahatisha

Jiji la Dodoma kwa sehemu kubwa linakunywa maji ya ardhini. Chanzo kikuu ni visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, ambavyo mamlaka ya maji ya jiji, DUWASA, inavitegemea kwa miongo mingi. Maji hayo yako ndani ya granaiti iliyooza na kupasuka, na yamekaa humo muda mrefu. Maji yanayokaa na mwamba huuyeyusha kidogokidogo, kwa hiyo hutoka na sehemu ya mwamba wenyewe.

Jua nalo linafanya kazi yake. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na sehemu kubwa inarudi angani kabla haijazama. Maji yanapanda, chumvi inabaki kwenye udongo. Vina vya maji Makutupora vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo ni miongoni mwa ndefu zaidi za aina yake katika Afrika ya kitropiki. Zinaonyesha jambo ambalo mkulima yeyote wa Kigogo angelikubali bila ubishi: bonde halijazwi na mvua za kila mwaka. Linajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98, halafu miaka inayofuata kiwango kinashuka polepole tukisubiri nyingine.

Wakati huohuo wanywaji wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Mzakwe peke yake haikuweza kubeba ongezeko hilo, ndipo vikachimbwa visima vya nyongeza pembezoni, Nzuguni na kwingineko, mbali na mamia ya visima binafsi kwenye nyumba, shule, makanisa na hoteli. Matokeo yake ni kwamba "maji ya Dodoma" si kitu kimoja tena. Majirani wawili waliotenganishwa na barabara wanaweza kuwa wanakunywa maji ya miamba miwili tofauti, na anayesema "mimi nimeyanywa miaka ishirini na sina tatizo" anazungumzia bomba lake, si la kwako.

Chumvi: mtuhumiwa asiye na kosa kubwa

Chukua sufuria uliyochemshia maji kwa wiki kadhaa bila kuisugua kwa nguvu. Chini yake kuna ukoko mweupe, mgumu, unaobanduka vipandevipande. Kamulia ndimu juu yake: utaona vipovu vidogo vikichemka na ukoko ukianza kulainika. Hiyo ni chokaa, kalsiamu kaboneti. Ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji, joto likaifukuza. Ndiyo hiyo inayoshikamana na sabuni ya mche na kuizuia kutoa povu, na ndiyo inayojivika kwenye waya wa birika mpaka waya unaungua.

Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Viwango vilivyopo ni kwa ajili ya ladha na mabomba. Kuhusu mawe ya figo, hofu hiyo ni kubwa huku kuliko ushahidi wake. Mawe mengi hutokana na mkojo kuwa mzito kwa sababu mtu hanywi maji ya kutosha, na katika mji wenye joto na upepo mkavu kama huu, anayepunguza kunywa kwa kuogopa chumvi anajitengenezea hatari aliyokuwa akiikimbia. Mwenye ugonjwa wa figo tayari, au mwenye shinikizo la damu ambaye kisima chake kina sodiamu nyingi, huyo ni mwingine, na aongee na daktari wake.

Hofu hii ina soko. Kuna wauzaji wa mashine za kuchuja wanaoingia maofisini na kijikalamu cha kupimia kinachotoa namba. Namba ikisoma mia sita au saba, sura inakunjwa. Kalamu hiyo inapima tu jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka, bila kujua ni chumvi gani. Haiwezi kutofautisha kalsiamu na sumu, na glasi yenye vijidudu vya kipindupindu inaweza kusoma vizuri kuliko ya Mzakwe. Wengine huongeza kiinimacho: wanatumbukiza vyuma viwili vyenye umeme kwenye maji ya bomba, maji yanageuka kahawia kama tope, kisha wanafanya hivyo kwenye maji yao yasiyo na chumvi na hayabadiliki. Kahawia ile ni kutu ya vyuma vyenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kinaliwa. Maji matupu hayapitishi, chuma kinabaki. Mashine inaweza kuwa nzuri na ikafaa nyumba yako, ila onyesho lile halithibitishi lolote.

Floraidi: pale ulimi unapodanganya kabisa

Floraidi, chumvichumvi inayoachiwa majini na miamba, ni kadhia ya Bonde la Ufa na kingo zake: Arusha, Manyara, Kilimanjaro, Singida, Shinyanga. Sisi wa Dodoma tunapenda kuiona kama habari ya majirani, lakini miamba haina mipaka ya mikoa, na granaiti ya Kanda ya Kati ina madini yanayoachia floraidi.

Kidogo kinasaidia meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya mtoto anayekua huanza kuota na madoa, meupe kama chaki kwanza, kahawia baadaye. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa: viungo vinakakamaa, mgongo unapinda, miguu inapinda kwa watoto. Hakuna dawa ya kurudisha.

Sasa tazama jinsi ulimi unavyopotosha. Kalsiamu na floraidi zikikutana kwa wingi hushikana na kutuama kama jiwe. Kwa hiyo maji magumu, yale yanayoudhi, mara nyingi hayawezi kubeba floraidi nyingi. Maji yanayoweza kubeba nyingi ni yale laini, yenye sodiamu na magadi kidogo, kalsiamu chache, ambayo sabuni inatoa povu zuri na chai inanoga. Si kanuni isiyovunjika, maana kila kisima na chake, lakini inatosha kumvua ulimi cheo cha ukaguzi. Kijiji kinachoacha kisima "kibaya" na kuhamia "kizuri" bila kupima kinaweza kuwa kimefanya biashara mbaya.

Viwango vyenyewe vina historia. Miaka ya 1970 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, si kwa sababu nane ilikuwa salama bali kwa sababu kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi mno mahali ambapo hapakuwa na kingine. Baadaye ikawa 4. Kiwango cha sasa cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789 cha mwaka 2018, kimeshuka hadi 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Maana yake ni kwamba kisima kilichopewa cheti miaka ya nyuma kinaweza kuwa na cheti halali cha wakati ule na maji yasiyokubalika leo. Mwenye nyumba anayeringia karatasi ya zamani asome tarehe.

Kuiondoa ni kazi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yakipita ndani yake. Inafanya kazi, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na mifupa iliyochomwa vibaya inatoa maji yanayonuka. Njia rahisi zaidi, pale inapowezekana, ni kuchanganya maji ya kisima chenye floraidi na ya kisima kisicho nayo, au kukihifadhi kisima hicho kwa ajili ya kufua na mifugo na kutafuta chanzo kingine cha kunywa.

Kwa upande wa Bahi na Manyoni, kwenye mabonde ya chumvi ambako urani imekuwa ikitafutwa, kipimo cha kisima kinapaswa kuongeza mstari mmoja: urani, ambayo kikomo chake kwa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 30 kwa lita. Nayo haina ladha.

Naitreti, au choo cha jirani

Hiki ndicho kitu ninachodhani Dodoma inakizungumzia kidogo kuliko inavyostahili.

Floraidi imewekwa na mwamba. Naitreti tumeiweka wenyewe. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni. Vikizama kwenye udongo mkavu wenye hewa, bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti, na naitreti haishikwi na udongo. Mvua ikinyesha inateremka nayo mpaka kwenye maji ya ardhini, na ikifika huko chini inakaa miaka.

Mtandao wa mabomba ya majitaka unafikia sehemu ndogo ya jiji. Kwingine kote ni vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka yanayonyonywa na magari, au yasiyonyonywa kabisa kwa sababu chini yameachwa wazi "ili yajinyonye yenyewe". Fundi anayejenga hivyo husifiwa: shimo halijai. Halijai kwa sababu linamiminika ardhini. Kwenye viwanja vya mita ishirini kwa thelathini, ambako kila mwenye nyumba ana shimo na baadhi wana kisima, jumla yake si vigumu kuikisia.

Hapa ushauri tuliozoea unatuangusha. Wengi tumesikia kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni. Umbali huo unasaidia kwa vijidudu, maana vingi hufa au huchujwa njiani. Kwa naitreti hausaidii sana. Choo chako kikiwa mbali, cha jirani kiko karibu, na vyote kwa pamoja vinalisha maji yaleyale. Kinachosaidia ni kina cha kisima, simenti ya kuziba pembeni ya bomba lake sehemu ya juu, na zaidi ya yote mtandao wa majitaka.

Madhara yake huwapata hasa watoto wachanga wasiofikisha miezi sita. Naitreti hugeuzwa tumboni kuwa naitriti, ambayo hubadilisha damu ishindwe kubeba oksijeni. Mtoto anageuka rangi ya kibluu midomoni na kwenye kucha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee yuko salama hata mama akinywa maji hayo. Aliye hatarini ni anayekorogewa maziwa ya kopo.

Na mama anayekoroga maziwa ya kopo hufanya alichofundishwa kliniki: anachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, jambo jema kabisa. Lakini naitreti haiondoki, na maji yanayotoka kama mvuke yanaiacha nyuma. Lita tano zenye miligramu 40 kwa lita, zikichemka sana mpaka zikabaki nne, sasa zina 50. Kwa mtoto mchanga anayetumia maji ya kisima kifupi cha mjini, jibu ni kubadilisha maji, si kuongeza moto.

Njiani kutoka Mzakwe hadi kikombe

Pamoja na yote niliyosema, kinacholaza watu wengi wodini si floraidi wala naitreti. Ni kinyesi. Kuhara, homa ya matumbo, na kipindupindu kinaporudi, kama kilivyorudi nchini Agosti 2015 kikienea mkoa hadi mkoa, vyote vinapita njia hiyo. Na kwa maji ya bomba, uchafu huo kwa kawaida hauingilii kisimani. Unaingilia njiani.

Klorini huwekwa kabla maji hayajasambazwa. Kazi yake ni mbili: kuua kilichopo, na kubaki kidogo ndani ya maji ili kuua kitakachoingia. Hicho kinachobaki ndicho kinachotakiwa kisomeke bombani kwako, kuanzia miligramu 0.2 kwa lita. Ile harufu ya "dawa" inayowafanya watu wamwage maji ni dalili kwamba ulinzi umefika. Ni kweli klorini ikikutana na mabaki ya majani na tope hutengeneza kemikali nyingine zinazofuatiliwa, lakini maji ya visima virefu yana mabaki kidogo sana ya aina hiyo, na msimamo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: usipunguze uuaji wa vijidudu kwa kuogopa kemikali hizo.

Tatizo ni mgao. Bomba lililojaa maji yenye msukumo hata likiwa na ufa, maji hutoka nje, hayaingii. Likikauka, mambo yanageuka. Mteremko unapovuta maji kuelekea chini, bomba linafyonza chochote kilicho nje ya ufa, na penye ufa hapakosi dimbwi. Ukipita mitaani utaliona: laini ya plastiki iliyounganishwa kinyemela, imefungwa kwa kipande cha mpira, inavuka mtaro wa maji machafu ikiwa imelala ndani yake. Siku ya maji inavuja, mtaro unajaa. Siku ya mgao inafyonza. Yanaporudi, husukuma kwanza hewa (ndipo kilio cha kila siku kwamba dira inahesabu upepo), kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji ya kawaida. Yale ya mwanzo ni ya kumwagilia miti, si ya kujazia ndoo ya kunywa.

Halafu kuna tanki. Nilimtazama fundi sanifu wa maabara akipima nyumba moja Ilazo. Kwenye bomba la nje, hatua chache kutoka kwenye dira, alijaza kichupa, akatia kidonge cha kupimia klorini, akatikisa. Maji yakageuka waridi. Klorini ipo. Akaingia jikoni, bomba linalolishwa na tanki la juu, akafanya vilevile. Kidonge kikayeyuka na maji yakabaki meupe. Ni maji yaleyale, nyumba ileile, tofauti ni siku kadhaa ndani ya plastiki nyeusi inayopigwa na jua la Dodoma. Joto linafukuza klorini, na matope yaliyotuama chini yanamaliza iliyobaki. Mfuniko wa tanki ulikuwa umepasuka, na njiwa wa pale hawakuwa na haya.

Kwa sheria na kwa desturi ya mikataba ya maji, wajibu wa mamlaka unaishia kwenye dira. Tanki ni la mwenye nyumba. Mpangaji hana ngazi, mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, kwa hiyo tanki halijaoshwa tangu lipandishwe.

Boza na madumu yana hadithi hiyohiyo. Swali la kumuuliza dereva wa boza si bei tu, ni amechota wapi. Boza linalojazwa kwenye kituo cha mamlaka limeanza na maji yaliyotiwa dawa. Linalojazwa kwenye kisima cha mtu limeanza na lolote lililomo. Vijijini, Chamwino au Chemba, ambako watu bado huchimba mchanga wa makorongo makavu kiangazi, mchanga wenyewe ni chujio zuri kuliko watu wanavyodhani. Kinachoharibu ni ng'ombe na ndoo kushuka kwenye shimo moja.

Niseme pia kwamba wingi wa maji ni sehemu ya usalama wake. Kongwa inajulikana na watafiti wa macho duniani kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa vikope unaopofusha, na mojawapo ya silaha dhidi yake ni uso wa mtoto kunawishwa mara kwa mara. Maji ya kisima chenye chumvi yasiyofaa chai yanafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Dawa ya nini?

Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vinavyotuhusu. Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na hilo halipunguzi kitu. Yakishatokota vizuri, yametosha. Vidonge vya klorini vinafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko mkaa. Na kwa kuwa jua tunalo, chupa angavu ya plastiki iliyojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali inaua vijidudu pia. Hakuna hata moja kati ya hizi inayogusa floraidi, naitreti au chumvi.

Chujio la udongo hunasa vijidudu, haligusi vilivyoyeyuka. Chujio la mkaa hutoa harufu na ladha, lakini pia hutoa klorini, kwa hiyo maji yakitoka humo hayana mlinzi tena. Mashine za kusukuma maji kwenye utando mwembamba, zile za maduka ya kujazia, hutoa karibu kila kitu, naitreti na floraidi zikiwemo, kwa gharama ya kumwaga sehemu kubwa ya maji kama taka. Zina maana kwa nyumba yenye tatizo lililopimwa. Kwa nyumba ambayo shida yake ni tanki chafu, ni kununua jenereta kwa sababu balbu imeungua.

Maji ya mvua tunayapuuza. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 550 kwa mwaka linapokea lita 27,500. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kwa kuosha vumbi la mvua za mwanzo, unabaki na 22,000. Familia ya watu watano ikitumia lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupika, kiangazi cha Mei hadi Novemba kinahitaji lita 5,350. Tanki la lita 5,000 linakaribia kutosha, na maji hayo hayana floraidi wala chokaa. Yanahitaji klorini tu, kwa ajili ya njiwa.

Kupima ndiko kunakomaliza ubishi. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Dodoma na hupokea sampuli za watu binafsi kwa malipo. Usibebe maji kwenye chupa ya soda. Kwa kipimo cha vijidudu maabara hutoa chupa maalumu iliyotiwa kemikali ya kuizima klorini, vinginevyo klorini itaendelea kuua ndani ya chupa na majibu yatakuwa mazuri kwa uongo. Sampuli inasafirishwa kwenye barafu na inatakiwa ifike siku ileile. Huko maji huchujwa, chujio linawekwa kwenye joto la nyuzi 44 usiku kucha, asubuhi yanahesabiwa makundi ya E. coli. Kinachotakiwa ni sifuri katika mililita 100. Naitreti na floraidi hupimwa pembeni, na kwa kisima binafsi ziombe kwa majina, kwa sababu kipimo cha "kawaida" huenda kisizijumuishe.

Ukiwa na majibu mkononi, ujue pa kuyapeleka. Maji ya bomba la jiji ni ya DUWASA, na ikishindikana mdhibiti wake ni EWURA. Mradi wa kijijini uko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na chombo cha jamii kinachouendesha. Kisima kipya kinahitaji kibali cha bodi ya bonde, na kwa Makutupora na sehemu kubwa ya jiji hiyo ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Bahi wanahusika na Bonde la Kati.

Orodha hii yote ni ya mji unaokunywa maji ya ardhini. Serikali ina mpango wa bwawa la Farkwa, Chemba, kwenye mto Bubu, na imeshatangaza nia ya kuleta maji ya Ziwa Victoria. Siku maji hayo yakifika, birika zitadumu na chai itanoga. Lakini maji ya bwawa huja na tope la mvua, mwani, mbolea na dawa za mashamba, na mabaki ya majani yanayotengeneza zile kemikali za klorini ambazo Mzakwe haikutulazimu kuzifikiria. Yatahitaji mitambo ya kugandisha na kuchuja, na mafundi wanaoijua kazi hiyo. Na visima binafsi vya mjini vikiachwa kutumika bila kuzibwa midomo, vitabaki kuwa mashimo yaliyo wazi kuelekea kwenye maji ambayo bado tutayahitaji mwaka mvua zitakapogoma.